Maswali ya Wasomaji: Msichana wa Kwenye Picha na Wenzake Wanane

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya zamani kutoka mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas nchini Marekani, pamoja na makala fupi kuhusu hukumu iliyopiga marufuku shule za serikali kuwatenganisha wanafunzi kwa rangi zao. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote haziulizi habari za majaji wala marais, bali habari za watoto wenyewe. Tumechagua saba. Zilizofanana tumeziunganisha, na zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Niliona picha ya msichana mweusi mwenye miwani ya jua, amekumbatia daftari, na nyuma yake msichana wa Kizungu amepanua kinywa akimfokea. Chini ya picha mliandika tu "Little Rock, 1957". Huyu ni nani, na kwa nini alikuwa peke yake? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo sisi wenyewe tulipaswa kuliandika chini ya picha ile. Jina lake ni Elizabeth Eckford, na siku hiyo, Jumatano tarehe 4 Septemba 1957, alikuwa na umri wa miaka 15. Alikuwa mmoja wa vijana tisa weusi waliokubaliwa kujiunga na sekondari ya Central, shule yenye wanafunzi wa Kizungu wapatao 1,900, ambayo tangu ifunguliwe mwaka 1927 haikuwa imempokea mwanafunzi mweusi hata mmoja.

Kwa nini peke yake? Sababu yenyewe ni ndogo hata inauma: kwao hakukuwa na simu. Bi Daisy Bates, kiongozi katika Arkansas wa NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi, ndiye aliyekuwa mlezi wa vijana wale. Usiku wa kuamkia siku hiyo alipanga wakutane asubuhi mahali pamoja, wasindikizwe na wachungaji. Familia zenye simu zilipigiwa. Familia ya Eckford ilikuwa ifuatwe nyumbani alfajiri, lakini katika pilikapilika za usiku ule Bi Bates akapitiwa, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikiri baadaye. Basi Elizabeth aliamka kama mtoto yeyote siku ya kufungua shule, akavaa gauni jipya jeupe lenye pindo la drafti lililoshonwa nyumbani kwa ajili ya siku hiyo, akapanda basi, akashuka karibu na shule, akaanza kutembea.

Aliwakuta askari wa Walinzi wa Taifa wa Arkansas wamejipanga mbele ya shule kwa amri ya Gavana Orval Faubus. Aliona wanawapisha wanafunzi wa Kizungu, akadhani naye atapishwa. Alipokaribia, wakamfungia njia. Akasogea mbele kidogo akajaribu tena, na safari hii wakainua bunduki zenye singe. Nyuma yake kundi lilikuwa limekwisha kusanyika, na zilisikika sauti zikitaka anyongwe. Katika kutafuta uso wenye huruma, macho yake yalitua kwa bibi mmoja aliyeonekana mpole. Alipomtazama mara ya pili, bibi yule akamtemea mate. Hapo ndipo alipogeuka kuelekea kituo cha basi mwishoni mwa mtaa, umati ukimfuata kisogoni. Picha uliyoiona, iliyopigwa na Will Counts, ni ya mwendo huo.

Kwenye benchi la kituo, mwandishi wa habari Benjamin Fine aliketi kando yake akamwambia asikubali wamwone akilia. Mama mmoja wa Kizungu, Grace Lorch, alisimama naye hadi basi lilipofika na akapanda pamoja naye. Elizabeth hakwenda nyumbani. Alikwenda kazini kwa mama yake, katika chumba cha kufulia nguo cha shule ya watoto weusi wasioona na viziwi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimkuta mama amesimama dirishani ameinamisha kichwa. Alitaka kumwambia kwamba yuko salama, lakini sauti haikutoka. Mama akamkumbatia, na hapo ndipo alipolia.

Yule msichana aliyekuwa akifoka alikuwa na umri uleule wa miaka 15. Miaka michache baadaye alimpigia Elizabeth simu kuomba radhi, na mwaka 1997 mpiga picha yuleyule aliwapiga picha wakiwa wamesimama bega kwa bega nje ya shule ileile. Magazeti mengi hupenda kuishia hapo. Urafiki wao haukudumu, na mimi sioni ni kwa haki gani tungemdai Elizabeth kwamba udumu.

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne. Nimesoma makala yenu nikajiuliza, ni wazazi gani hawa wapelekao watoto penye umati wenye hasira? Kwetu twasema wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Wakubwa walikuwa na vita vyao; je, huku si kuwatumia watoto? (Mama, Mombasa)

Waalaykum salaam, mama. Msemo wako ningeukubali wote kama si jambo moja: nyasi haziulizwi, ilhali vijana hawa waliulizwa, na baadhi yao walijibu kabla wazazi hawajajua kuna swali. Carlotta Walls, mdogo kuliko wote, aliyekuwa na miaka 14, alitia saini karatasi iliyopitishwa darasani na hakusema kitu nyumbani. Wazazi wake walitambua pale kadi ya usajili ilipoletwa na posta. Melba Pattillo naye amesimulia kwamba alijitolea bila kuomba ruhusa. Orodha iliyopitishwa na wakuu wa elimu ilikuwa na majina 17. Familia nyingine zilirudi nyuma kadiri vitisho vilivyozidi, na waliobaki ndio hao tisa.

Kuna zaidi ya hapo. Hata mojawapo ya kesi zilizoleta hukumu yenyewe ilianzishwa na msichana wa miaka 16. Huko Farmville, Virginia, sekondari ya weusi ya Robert Russa Moton ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 180, na kufikia mwaka 1951 ilikuwa imewabeba zaidi ya 400. Badala ya kujenga shule, halmashauri iliongeza mabanda ya mbao yaliyofunikwa kwa karatasi za lami, ambayo watu waliyafananisha na mabanda ya kuku. Mvua ikinyesha paa lilivuja. Wakati wa baridi, aliyekaa karibu na jiko aliungua na aliyekaa mbali alivaa koti darasani. Barbara Johns alichoka kuwasikiliza wazee wakiahidiwa. Tarehe 23 Aprili 1951, mwalimu mkuu akavutwa atoke shuleni kwa simu ya uongo iliyodai kwamba kuna wanafunzi wake walioingia matatani mjini. Madarasani vikapelekwa vikaratasi vya kuwaita wote ukumbini, kana kwamba vimetoka kwake. Pazia la jukwaa lilipofunguka, aliyesimama pale si mwalimu mkuu bali ni Barbara. Akawaomba walimu watoke, kisha akawaongoza wanafunzi kugoma kwa wiki mbili.

Walichotaka kilikuwa shule mpya tu. Mawakili wa NAACP waliwajibu kwamba watawasimamia endapo watakubali kudai jambo kubwa zaidi, yaani kukomeshwa kwa utengano wenyewe, nao wakakubali. Kesi yao iliunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu, katika hukumu inayoitwa Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, wakasema kwamba shule zilizotenganishwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa.

Pamoja na hayo, mama, swali lako halijaisha, na kuna mahali nakuunga mkono. Mwaka mmoja baadaye mahakama hiyohiyo iliagiza hukumu itekelezwe kwa haraka yenye kutafakari, bila kutaja siku wala mwezi. Maneno kama hayo mtu mzima aweza kuyakalia miaka. Katika mwaka wa masomo wa 1963 na 1964, yaani mwongo mzima baadaye, katika majimbo ya Kusini hawakufika hata wawili katika kila watoto weusi mia waliosoma pamoja na Wazungu. Kazi ya kuujaribu mlango, kuona kama umefunguka au umerudishiwa tu, waliachiwa watoto. Wazazi nao walilipa: mama yake Gloria Ray alipoteza kazi yake ya serikali ya jimbo kwa kukataa kumwondoa binti yake Central, na baba yake Carlotta, fundi wa ujenzi, alinyimwa kazi mjini hadi akawa anazitafuta mbali na nyumbani.

Ninafundisha historia. Katika maelezo ninayoyapata, Rais Eisenhower anapeleka askari, vijana wanaingia shuleni, na mada inaisha. Wanafunzi wangu huuliza: "Baada ya hapo ikawaje?" Sina jibu. (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali kubwa kuliko yote katika habari hii. Kuingia kulichukua siku moja. Kubaki ndani kulichukua mwaka mzima, na huko ndani hakukuwa na wapiga picha.

Kwanza nikamilishe habari ya kuingia. Mahakama iliamuru Walinzi wa Taifa waondolewe, na tarehe 23 Septemba polisi wa mji wakawaingiza vijana tisa kwa mlango wa pembeni. Nje, umati ulizidi kupanda hasira, waandishi wa habari weusi wakapigwa, na kabla ya adhuhuri polisi wakalazimika kuwatorosha watoto kwa magari. Kesho yake Eisenhower akatuma zaidi ya askari 1,000 wa miavuli wa Divisheni ya 101, na tarehe 25 vijana wakapanda ngazi za mbele wakiwa wamezungukwa na singe, zile zile zana ambazo wiki tatu nyuma zilimzuia Elizabeth.

Kila kijana alipewa askari wa kumfuata. Lakini askari alikomea mlangoni: haingii darasani, haingii chooni, haingii chumba cha kubadilishia nguo. Basi maovu yakahamia huko. Yasomeke vizuri, kwa sababu yakisemwa kwa jumla huonekana madogo: kukanyagwa visigino na anayetembea nyuma yako, siku baada ya siku, hadi vitoke damu, kusukumwa ngazini ukiwa umebeba vitabu, kufungua kabati lako na kukuta madaftari yamechanwa, kumwagiwa wino kwenye sketi asubuhi na kukaa nayo hivyo hadi saa ya kwenda nyumbani. Melba amesimulia siku aliyorushiwa kemikali machoni, na askari wake akamkimbiza kwenye bomba la maji akamsafisha. Bila yeye huenda angepofuka. Mwisho wa Novemba askari hao wa miavuli waliondoka, na ulinzi ukabaki kwa Walinzi wa Taifa wa jimbo hilohilo, safari hii wakiwa chini ya amri ya Rais. Unaweza kukisia walikuwa na ari kiasi gani.

Vijana walikuwa wameonywa wasijibu mapigo, maana kosa lao moja lingehesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya wote. Walizuiwa pia kushiriki kwaya, michezo na sherehe za shule. Ernest Green alikuwa amepiga saksofoni katika bendi ya shule yake ya awali. Central ilikuwa na bendi, lakini si kwa ajili yake. Mtu akifikiri kwamba hilo ni dogo mbele ya singe, basi amesahau alivyokuwa na miaka 16.

Anayenigusa kuliko wote katika mwaka huo ni Minnijean Brown, msichana mrefu, mchangamfu, mpenda kuimba. Tarehe 17 Desemba 1957 alikuwa akipita kati ya meza za bwalo la chakula amebeba sinia lenye bakuli la chili, mchuzi mzito wa nyama, maharage na pilipili. Wavulana wakawa wanamsukumia viti njiani. Akisimama wanavuta, akipiga hatua wanasukuma tena. Sinia likamponyoka, na mchuzi ukawamwagikia wawili vichwani. Bwalo zima likanyamaza. Kisha wapishi na wahudumu wa jikoni, ambao walikuwa weusi na kwa miaka yote walikuwa wakiwapakulia Wazungu chakula bila kusema neno, wakaanza kupiga makofi.

Alisimamishwa masomo kwa siku sita. Aliporudi naye alimwagiwa supu, na Februari 1958, baada ya msichana mmoja kumrushia mkoba wenye kufuli na yeye kumjibu kwa tusi, akafukuzwa kabisa. Siku chache baadaye ukapita mkononi mwa wanafunzi waraka mdogo uliochapishwa: mmoja ametoka, bado wanane. Minnijean alipokelewa New York, akaishi na familia ya Dakta Kenneth Clark, mwanasaikolojia ambaye utafiti wake, uliofanywa na mkewe kwa kutumia midoli myeusi na myeupe, ulitajwa katika hukumu ya 1954.

Mwalimu, ukiwa na kipindi kimoja tu, waachie hao wanafunzi wako ile habari ya bwalo. Wataielewa, kwa kuwa wote wamewahi kubeba sahani mbele ya kundi lisilowapenda.

Je, hakukuwa na wanafunzi wa Kizungu wenye utu? (Msomaji, Mwanza)

Walikuwepo, wachache. Terrence Roberts aliingia darasa la aljebra siku ya kwanza bila kitabu, na msichana mmoja wa Kizungu akasogeza dawati lake, wakasoma kitabu kimoja. Tendo hilo tu lilimletea dhiki. Wengi zaidi hawakutesa wala hawakutetea, walitazama pembeni. Vijana wale tisa, walipokuja kusimulia wakiwa watu wazima, mara nyingi walieleza kwamba watesaji walikuwa kundi dogo lenye bidii, na kwamba kilichowaumiza vilevile ni ukimya wa hao wengine.

Wazungu nao walikuja kupata hasara. Mwaka uliofuata, kuliko kukubali wachanganyike, Gavana Faubus alizifunga sekondari zote nne za serikali mjini Little Rock. Wanafunzi zaidi ya 3,600, weusi kwa weupe, wakakosa shule. Walimu, kwa kuwa mikataba yao ilikuwa hai, waliendelea kuripoti kila asubuhi katika madarasa matupu. Kitu kimoja tu gavana hakukifuta: mechi za futiboli ya Kimarekani. Timu ya shule iliyofungwa iliendelea kucheza. Wazungu wengi walipata shule binafsi au walipelekwa kwa jamaa. Kwa vijana weusi, karibu nusu yao hawakusoma kabisa mwaka ule, nao wenyeji wanauita mwaka uliopotea.

Kule Farmville, kwa akina Barbara Johns, ilikuwa mbaya zaidi. Kaunti ya Prince Edward ilifunga shule zake zote za serikali mwaka 1959 na haikuzifungua hadi 1964, mahakama ilipoilazimisha. Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule binafsi. Weusi, wenye bahati walipelekwa kwa ndugu katika majimbo mengine au wakafundishwa kwenye vyumba vya chini vya makanisa, na wengine hawakurudi tena darasani. Barbara mwenyewe hakuwepo: baada ya vitisho wazazi wake walikuwa wamempeleka kwa mjomba wake huko Montgomery, Alabama. Alikuja kuwa mkutubi, akaishi kimya kimya, akafariki mwaka 1991. Sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyoliwakilisha jimbo la Virginia katika jengo la Bunge mjini Washington, iliondolewa mwaka 2020, na aliyechaguliwa kushika nafasi yake ni yeye.

Habari za Marekani ni nzuri, lakini zinatuhusu nini sisi huku? (Msomaji, Nairobi)

Zinatuhusu kuliko unavyodhani, ndugu yangu. Wakati Elizabeth anageuzwa mlangoni, huku kwetu Waafrika, Wahindi na Wazungu walikuwa na shule zao mbalimbali na bajeti zao mbalimbali, tena bila gavana kuhitaji kuweka askari, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kufika mlangoni. Zile unazozijua leo kama Nairobi School na Lenana zilikuwa Prince of Wales na Duke of York, shule za wavulana wa Kizungu. Mkwawa ya Iringa nayo ilianza kama shule ya watoto wa Kizungu. Tanganyika ilifuta mgawanyo huo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1962, na Kenya ikafuata baada ya uhuru.

Viungo vya moja kwa moja vipo. Tarehe 18 Aprili 1959 maelfu ya vijana waliandamana mjini Washington kudai shule zisizobagua, na miongoni mwa waliowahutubia pamoja na Martin Luther King alikuwa Tom Mboya, aliyekuwa katika ziara ya kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Kisha yule wakili aliyeongoza hoja za watoto mbele ya Mahakama ya Juu, Thurgood Marshall, ndiye ambaye mwaka 1960 aliitwa kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, na akaandika rasimu ya haki za raia wa Kenya. Mtu aliyekuwa akiwatetea wachache weusi kwao alijikuta akitafuta maneno ya kuwalinda Wazungu na Wahindi wachache kwetu.

Mimi naishi Minnesota na wanangu wanasoma shule ya mchanganyiko. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, jirani yangu, aliniambia kwamba kuchanganywa kwa shule kuliwapotezea kitu. Nilishangaa. Alimaanisha nini? (Baba, Minnesota)

Bila kumsikia mwenyewe siwezi kumsemea, ila nakisia alikuwa akiwakumbuka walimu wake. Shule za weusi zilinyimwa vitabu, mabasi na maabara, lakini hazikunyimwa walimu. Kwa kuwa milango mingine ya kazi ilifungwa kwao, wasomi weusi wengi waliingia ualimu, na mtoto alifundishwa na mtu aliyemjua bibi yake, anayesali naye kanisa moja, na asiyekubali kisingizio. Shule zilipounganishwa, mara nyingi iliyofungwa au kushushwa daraja ilikuwa ya weusi. Watoto walihamishwa, walimu wao hawakuhamishwa nao. Makumi ya maelfu ya walimu na walimu wakuu weusi walipoteza kazi au vyeo huko Kusini. Topeka, Kansas, mji ambao jina lake limo katika hukumu, mkuu wa elimu aliwaandikia baadhi ya walimu weusi barua mwaka 1953, kabla hata ya hukumu, kuwajulisha kwamba endapo utengano utafutwa, wakazi wengi hawatapenda watoto wa Kizungu wafundishwe nao.

Kwa hiyo kijana aliyepanda basi kwenda shule mpya aliacha nyuma vikombe vya michezo vya kaka zake, wimbo wa shule na mwalimu aliyemwita kwa jina la nyumbani, akaenda mahali ambapo hakuna aliyemngoja. Sisemi kwamba afadhali wangebaki. Wale wa Farmville waliovaa makoti darasani hawangesema hivyo. Ila muulize jirani yako alisoma shule gani na mwalimu wake aliitwa nani. Nadhani mazungumzo yatakuwa marefu.

Kati ya wale tisa, ni wangapi waliomaliza Central? Tumebishana darasani. (Wanafunzi wa kidato cha pili, Bukoba)

Waliosimama kwenye mahafali ya Central ni watatu. Wengine walimalizia miji mingine au kwa masomo ya posta na ya likizo, kwa kuwa mwaka uliopotea uliwatawanya.

Wa kwanza ni Ernest Green, tarehe 27 Mei 1958. Wahitimu walikuwa takribani 600, na kila jina lilipotajwa watu walishangilia. Lilipotajwa la kwake, uwanja ukanyamaza. Martin Luther King alikuwepo, ameketi na familia ya Green, na wengi hawakumtambua. Ernest alisema baadaye kwamba hakuhitaji makofi, maana alikuwa amekwisha kufanya alichokuja kukifanya.

Wawili waliobaki, Jefferson Thomas na Carlotta Walls, walirudi shule zilipofunguliwa tena na wakahitimu mwaka 1960. Huyo Carlotta ndiye yule aliyetia saini bila kuwaambia wazazi. Usiku mmoja wa Februari 1960, miezi michache kabla ya mahafali, bomu lililipuka nyumbani kwao akiwa amelala, na vioo vya mbele vikavunjika. Mama yake na wadogo zake walinusurika pamoja naye. Asubuhi yake alichukua vitabu akaenda darasani.